Kaa Wewe Mbele ya Kibodi: Akaunti ya Mafao ya Kukosa Ajira Texas

Hapa Houston, mtu anayezungumza Kiswahili akipoteza kazi, kitu cha kwanza anachotafuta si kompyuta bali mtu wa kumjazia. Atauliza kanisani, atauliza msikitini, atauliza kwenye maegesho ya magari ya nyumba za kupanga, mpaka aelekezwe kwa kijana fulani aliyesomea hapa au kwa mama fulani mwenye Kiingereza kizuri, ambaye atampokea jioni, atafungua kompyuta yake, na baada ya saa moja atamwambia: "Tayari, subiri pesa." Mimi ni mmoja wa wale ambao wageni hao huelekezwa kwao, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikikaa na Wakongo, Warundi, Wakenya na Watanzania wenzangu tukiifungua tovuti ya Texas Workforce Commission, tume ya jimbo inayosimamia mafao ya kukosa ajira. Nimefikia kuamini kwamba huu mtindo wa kujaziwa unawapotezea watu haki zao kuliko ugumu wa tovuti yenyewe, na kwamba sisi tunaosaidia hatuna budi kuhama kiti: mwenye madai akae mbele ya kibodi, nasi tukae pembeni yake.

Ili hoja hiyo ieleweke, ni lazima kwanza kujua pesa hizi ni za nani. Bima ya kukosa ajira nchini Marekani ilizaliwa katika mdororo mkuu wa uchumi: jimbo la Wisconsin lilitunga sheria yake mwaka 1932, kisha Sheria ya Hifadhi ya Jamii, ambayo Rais Franklin D. Roosevelt aliitia saini tarehe 14 Agosti 1935, ikayavuta majimbo mengine yote kuanzisha mifuko yao. Ndiyo maana hadi leo kila jimbo lina tovuti yake, viwango vyake na masharti yake, na mtu aliyefanya kazi Kentucky kisha akahamia Texas kwa kawaida hudai kule alikolipwa mshahara. Hapa Texas mfanyakazi hakatwi hata senti moja kwa ajili ya bima hiyo. Mwajiri ndiye anayelipa kodi, ambayo hukokotolewa kwa dola 9,000 za kwanza za mshahara wa kila mfanyakazi kwa mwaka, na kiwango cha kodi hiyo hupanda kadiri wafanyakazi wake wa zamani wanavyolipwa mafao. Hapo pana ufunguo wa mambo mengi yatakayofuata, kwa maana mwajiri ana sababu ya kifedha ya kulitazama dai lako kwa jicho kali, na akishaarifiwa hupewa siku 14 za kujibu. Maneno yako yatasomwa kando ya maneno yake, na atakayeyasoma hajawahi kukuona.

Wapo wanaoogopa hata kuanza, wakidhani kwamba jina lao likionekana katika mfumo huu watanyimwa grini kadi au uraia. Hofu hii naielewa, kwa kuwa sheria za uhamiaji hubadilika mara kwa mara na habari za mitaani hukimbia kuliko sheria zenyewe, lakini kwa jambo hili msimamo umekuwa wazi: kanuni za mwaka 2019 na zile za mwaka 2022, zilizopishana kwa mengi, zote hazikuyahesabu mafao ya kukosa ajira kuwa msaada unaomfanya mtu aonekane mzigo kwa serikali, kwa sababu ni stahili inayotokana na kazi. Kinachodaiwa kwa asiye raia ni kibali cha kufanya kazi, kilichokuwa hai wakati anaupata huo mshahara na kilicho hai sasa anapojitangaza kuwa yuko tayari kwa kazi nyingine. Tume huhakiki jambo hilo na mamlaka ya uhamiaji, kwa hiyo namba ya uhamiaji, ile inayoanza na herufi A, inapaswa kunakiliwa kutoka kwenye kadi tarakimu kwa tarakimu.

Sasa tuje kwenye akaunti. Kufungua kunahitaji jina la mtumiaji, nenosiri na anwani ya barua pepe, na hapa ndipo kosa la kwanza la wajazaji hutendeka kwa nia njema kabisa. Mzee hana barua pepe, au ameisahau, basi msaidizi anaweka ya kwake. Mzee hubadilisha laini ya simu kila baada ya muda, basi msaidizi anaweka namba yake. Inaonekana ni wepesi. Lakini baada ya ombi kupokelewa, mchunguzi wa Tume anaweza kupiga simu kuuliza jinsi kazi ilivyokwisha, na simu hiyo italia katika mfuko wa mtu ambaye siku hiyo yuko zamu ya usiku kiwandani na haokoti simu za namba asizozijua. Uamuzi hauwasubiri wasiopokea simu. Utatolewa kwa maelezo yaliyopo, na mara nyingi yaliyopo ni ya mwajiri. Nimekwisha kukutana na watu ambao hawakujua kuwa wamekataliwa mpaka walipomtafuta yule aliyewajazia, naye alikuwa amehamia Ohio na nenosiri kichwani mwake.

Kuna mambo madogo ya uandishi ambayo mtu wa kwetu lazima ayaangalie mwenyewe, kwa maana ni yeye anayeijua historia yake. Tarehe za Marekani hutanguliza mwezi, kwa hiyo aliyeanza kazi tarehe 3 Julai akiandika siku kwanza atakuwa amejitangaza kuwa alianza tarehe 7 Machi, na tarehe hiyo haitafanana na ya mwajiri. Majina yetu matatu, ambayo kambini yaliandikwa kwa mpangilio huu na uwanja wa ndege kwa mpangilio ule, yanapaswa kuandikwa kama yalivyo kwenye kadi ya Hifadhi ya Jamii, hata kama jina la ukoo limekaa pale ambapo baba yako asingelitambua. Wakimbizi wengi wamepewa tarehe 1 Januari kuwa siku ya kuzaliwa. Iandike hiyo hiyo, wala usijaribu kuisahihisha kwenye fomu hii kwa sababu mama yako alikwambia ulizaliwa msimu wa mavuno.

Jambo zito zaidi ni swali la mwajiri wa mwisho. Watu wetu wengi hufanya kazi maghalani na viwandani kupitia mawakala wa ajira, na mtu aliyepanga maboksi katika ghala moja kwa mwaka mzima huliona ghala hilo ndilo mwajiri wake, kwani ndilo lenye jina kubwa mlangoni na ndilo lililompa fulana. Lakini mwajiri wake kisheria ni yule ambaye jina lake limechapishwa kwenye hati ya mshahara, yaani wakala, na ukiandika ghala, Tume itauliza mahali ambapo jina lako halimo katika orodha ya mishahara. Zaidi ya hapo, sheria ya Texas inamtaka mfanyakazi wa wakala, kazi aliyopangiwa inapokwisha, awasiliane na wakala kuomba apangiwe nyingine. Asipofanya hivyo, naye alikuwa amearifiwa wajibu huo na athari yake, huhesabiwa kuwa ameacha kazi kwa hiari yake, na anayeacha kwa hiari bila sababu nzuri inayohusiana na kazi hapati mafao.

Namkumbuka mzee mmoja wa Uvira, niliyemwita Papa kama walivyomwita wanawe. Msimamizi wa ghala alikuwa amemwambia arudi nyumbani, kazi ikirudi ataitwa. Mpwa wake, aliyemjazia, alifika kwenye orodha ya sababu za kutengana na mwajiri, akaona kuna kupunguzwa kwa kukosekana kazi, kuna kufukuzwa, kuna kuacha mwenyewe, akachagua kuacha, kwa kuwa mzee hakufukuzwa wala hakupewa barua, na hiyo ndiyo ilionekana haina ugomvi. Barua ya kukataliwa ilikuja. Nilipomuuliza Papa mwenyewe, alinieleza kwa utulivu, siku kwa siku: nani alimwita, walikuwa wamesimama wapi, magari mangapi ya mizigo yalikuwa yamebaki uani, maneno gani yalisemwa. "Mwanangu," akaniambia, "mimi sijaacha kazi hata siku moja tangu nifike nchi hii. Nani kaandika hivyo?" Katika rufaa alisikilizwa kwa simu, mkalimani akiwa kwenye laini, nami nikiwa nimekaa kimya upande wa pili wa meza, na yale yale aliyonieleza ndiyo aliyomweleza afisa wa rufaa. Alipoulizwa kama aliwahi kuambiwa kwamba ni lazima awapigie simu wakala baada ya kazi kwisha, alijibu kwamba hakuna aliyemwambia, na upande wa wakala haukuwa na karatasi ya kuonyesha vinginevyo. Uamuzi ukabadilishwa. Mtu aliyekuwa na ushahidi wote kichwani mwake ndiye ambaye hakuulizwa chochote siku ya kujaza.

Ombi likishaingia, akaunti huleta taarifa ya mishahara na makadirio ya mafao, na hii naomba kila mtu aisome mwenyewe, kwa sababu hakuna mwingine anayejua kama umelipwa pungufu ya ilivyoandikwa. Tume haitazami mshahara wa miezi ya karibuni kabisa. Inachukua robo nne za kwanza kati ya robo tano za mwisho za mwaka, yaani vipindi vya miezi mitatu mitatu, zilizokamilika kabla ya kuomba. Aliyeomba Oktoba 2025, kwa mfano, alipimwa kwa mishahara ya kuanzia Julai 2024 hadi Juni 2025. Robo iliyo kubwa kuliko zote hugawanywa kwa 25, na jibu ndilo fao la wiki, kwa sharti kwamba halipiti kiwango cha juu cha jimbo. Kama robo hiyo ilikuwa dola 9,100, fao ni dola 364 kwa wiki. Pia mshahara wa kipindi chote lazima ufike angalau mara 37 ya fao hilo, yaani dola 13,468, na uwe umepatikana katika robo zisizopungua mbili. Jumla ya mafao yote ni asilimia 27 ya mshahara wa kipindi hicho au mara 26 ya fao la wiki, ile iliyo ndogo. Kwa hiyo mtu huyo, kama alipata dola 30,000 kwa mwaka, ukomo wake ni dola 8,100, ambazo zitakwisha baada ya wiki 22 hivi. Anayeambiwa mitaani kwamba kila mtu hupewa miezi sita ameambiwa nusu ya habari.

Na dai huanza kuhesabiwa Jumapili ya wiki uliyoomba. Yule anayemngoja ndugu wa kanisani mpaka Jumapili ijayo, kwa kuwa katikati ya wiki ndugu huyo ana shughuli zake, amekwisha kuipoteza wiki moja. Tovuti iko kwa Kiingereza na Kihispania, ni kweli, lakini ombi linaweza kufanywa pia kwa simu, na mkalimani wa Kiswahili huombwa bila malipo. Kwa asiyesoma Kiingereza kabisa, naona simu hiyo ni bora kuliko mjazaji.

Baada ya hapo huja kazi ambayo watu huidhania kuwa si kazi: kuomba malipo. Kila baada ya wiki mbili, siku uliyopangiwa, unaingia katika akaunti na kujibu maswali ya wiki ya kwanza, kisha yale yale ya wiki ya pili, kila wiki ikihesabiwa kuanzia Jumapili hadi Jumamosi. Ulikuwa na afya ya kufanya kazi? Ulikuwa tayari kwa kazi ya siku nzima? Ulitafuta kazi, na mara ngapi? Uliikataa kazi yoyote? Ulifanya kazi yoyote? Idadi ya hatua za kutafuta kazi unazotakiwa kuzichukua kila wiki imeandikwa katika barua yako na hutofautiana kwa kaunti, na kumbukumbu yake inapaswa kuwekwa, yaani siku, kampuni, mtu uliyezungumza naye na njia uliyotumia. Vilevile unatakiwa kujiandikisha katika tovuti ya kazi ya jimbo, WorkInTexas.com, ndani ya siku tatu za kazi baada ya kuomba mafao.

Swali la kufanya kazi ndilo linalowatia watu wengi kwenye madeni. Ukipata vibarua vya siku mbili, unatakiwa kuandika mshahara kabla ya makato, katika wiki uliyofanya kazi, hata kama hundi itakuja wiki mbili baadaye. Watu husubiri pesa ifike ndipo waitaje, na huandika ile iliyoingia benki. Hesabu za Tume na za mwajiri zikikutanishwa baadaye, tofauti inageuka kuwa malipo ya ziada ambayo lazima yarudishwe, na ikionekana kuwa ni udanganyifu kuna adhabu ya asilimia 15 juu yake. Tena kusema ukweli hakuna hasara kubwa ambayo watu huidhani: robo ya fao la wiki huachwa bila kuguswa. Mwenye fao la dola 364 aliyepata dola 150 kwa vibarua hulipwa dola 305, kwa kuwa dola 91 za kwanza hazikukatwa. Wanaoendesha teksi za mtandaoni nao wanapaswa kutaja wanachopata, ingawa hawana bosi.

Hapa narudi kwa mjazaji, maana katika maswali haya ndipo hatari yake inapokuwa kubwa. Kuna wanaolipwa kwa mwezi ili "kubonyeza" kwa niaba ya watu, na hubonyeza majibu yale yale kila mara kwa sababu ndiyo yaliyoleta pesa mara ya kwanza. Mtu anapoteza kazi, anafiwa nyumbani, anapanda ndege kwenda Bujumbura au Mombasa kuzika, na wiki zote tatu akiwa huko, akaunti yake inasema alikuwa Texas tayari kuanza kazi kesho asubuhi. Hakuna aliyetaka kuiba. Lakini jibu lililotolewa kwa jina lako na nenosiri lako ni lako, na namba ya siri ya kuombea malipo kwa simu huhesabiwa kuwa saini yako. Ukisafiri, jibu kwa ukweli kwamba hukuwa tayari kwa kazi wiki hizo, au usiziombe. Dai lenyewe litakuwapo utakaporudi, maana mwaka wa mafao ni wiki 52.

Barua za Tume huja kwa posta au, ukichagua hivyo, katika kisanduku cha barua ndani ya akaunti. Mimi huwashauri wanaohamahama wachague cha mtandaoni, mradi barua pepe ni yao. Muda wa rufaa ni siku 14 za kalenda tangu tarehe barua ilipotumwa, ambayo imechapishwa juu yake. Haianzi siku ulipoifungua, wala siku ulipopata mtu wa kukusomea. Rufaa huandikwa mtandaoni, kwa posta, kwa faksi au kwa kwenda ofisini, na sentensi mbili zinatosha kuifungua: kwamba hukubaliani na uamuzi wa tarehe fulani, na kwa nini. Wakati rufaa inasubiriwa, endelea kuomba malipo kila wiki mbili hata kama skrini inaonyesha sifuri, kwa sababu ukishinda utalipwa zile wiki ulizoziomba tu. Hili watu huliona la ajabu, na nimelazimika kulirudia kuliko jambo lingine lolote: "Dada, ingia uombe." "Si wamenikataa?" "Wamekukataa, ndiyo. Ingia uombe."

Kuhusu matapeli sitasema mengi. Anwani rasmi ya Tume huishia na texas.gov, kuomba ni bure, na hakuna afisa wa kweli atakayekutumia ujumbe wa WhatsApp akitaka namba ya uthibitisho iliyoingia katika simu yako.

Sisi wasaidizi tunaweza kufanya kazi hii vizuri zaidi kwa gharama ndogo. Jioni ya kwanza sifungui tovuti. Tunafungua barua pepe ya mtu mwenyewe kwenye simu yake mwenyewe, anachagua nenosiri mimi nikitazama dirishani, kisha analiandika katika daftari lake. Baada ya hapo ndipo namwomba anisimulie kazi ilivyokwisha, kwa Kiswahili, kutoka mwanzo, kabla hatujaiona orodha ya sababu. Inachukua muda mrefu, chai inapoa, na wengine hukasirika kwa kuwa walikuja kujaziwa. Kwa wiki mbili za mwanzo huomba malipo tukiwa pamoja. Zinazofuata hunipigia simu kama kuna swali jipya, na kwa kawaida huwa halipo.

Kuna swali moja la mwisho ambalo akaunti huuliza na wengi hulipita haraka: kama unataka asilimia 10 ya kila malipo ikatwe kwa ajili ya kodi ya serikali kuu. Texas haina kodi ya mapato ya jimbo, lakini serikali kuu huyatoza mafao haya kodi kama mapato mengine, na kufikia mwisho wa Januari Tume hutoa fomu 1099-G inayoonyesha ulicholipwa. Familia iliyozoea kurudishiwa pesa kila Februari huweza kujikuta inadaiwa. Kwa mwenye watoto wengi na mapato madogo pengine haitaleta tofauti, lakini kwa mwenye mume au mke anayefanya kazi nawaambia wachague kukatwa, na watunze nenosiri hata baada ya kupata kazi mpya, kwa sababu fomu hiyo inapatikana humo ndani ya akaunti.